Kina Mama Arobaini na Wawili, Sindano Moja

Kuna aibu mtu unamsimulia mkeo ukishazima taa, kuna aibu unamsimulia padri, na kuna hii ya kwangu ambayo haikuhitaji kusimuliwa na mtu, maana watu kama mia tatu waliiona kwa macho yao, wakairekodi kwenye simu zao, na nasikia mpaka leo huko Chamazi ikianza kuonyeshwa watu wanaacha pilau linapoa. Basi bora niiseme mwenyewe kabla hamjaletewa ile ya upande wa bwana harusi, ambayo imetiwa chumvi kupita kiasi (na mie kwenye chumvi mnanijua, lakini wale jamani wamezidi).

Mie ni mtoto wa masomo ya jioni. Kidato cha nne nilikipata jioni, cha sita jioni, shahada ya kwanza jioni, kiasi kwamba ukinipeleka darasani mchana macho yananiuma. Mchana nilikuwa karani wa stoo Temeke, jioni nakimbia chuo, na kwa mwendo huohuo nikajikuta nasoma shahada ya uzamili kwenye idara ya kinesiolojia, ambayo kwa lugha ya kueleweka ni elimu ya jinsi mwili unavyojongea, na humo ndani nikachagua ergonomia, yaani elimu ya kuifanya kazi imfuate mtu badala ya mtu kujikunja kuifuata kazi. Kiti kikiwa kifupi hukati miguu ya mtu, unarefusha kiti. Basi. Hiyo ndiyo ergonomia yote, zilizobaki ni hesabu.

Lakini nendeni mkawaeleze hivyo watu wa Mwananyamala. Niliposema nasoma kinesiolojia ikazunguka habari kwamba nasoma Kichina, na jirani yangu mmoja mwenye duka la spea akaniletea boksi la pampu ya maji nimsomee maandishi ya ubavuni. Nikajitetea kwamba hasahasa ni ergonomia, baba mkwe akasikia ekonomia, na tangu hapo kila tukikutana ananishika mkono haachii: "Haya mchumi wangu, sukari inashuka lini?"

Utafiti wangu ulikuwa juu ya mama lishe. Mama yangu mzazi alikaanga vitumbua maisha yake yote kwenye jiko lililo usawa wa goti, na leo akitaka kusimama anashika kiuno kwanza, anamtaja Mungu, ndipo anasimama. Nilitaka kupima kina mama wanaopika hivyo, wakiwa wamesimama na wakiwa wamekaa: kiwiko kiko juu kiasi gani, goti liko wapi, mkono unafika wapi, upana wa nyonga kwenye kigoda, vipimo thelathini na tatu kwa kila mtu, ili nichore meza ya jiko itakayowaacha na migongo yao. Chuo kilitaka kina mama arobaini. Si thelathini na tisa. Na kilitaka mwisho wa mwezi, maana nilikuwa nimeshaahirisha mara mbili, na ukiahirisha ya tatu wanakufuta jina, unarudi nyumbani na miaka yako yote ya jioni kama mtu aliyekwenda matembezi.

Nikaanza Mwananyamala, kwa majirani zangu. Kosa.

"Unipime goti, wewe unanitengenezea jeneza?" aliniuliza wa kwanza.

"Unipime mgongo, umekuwa daktari lini? Si ulikuwa unasoma Kichina?" wa pili.

Wa tatu, anayeuza mihogo kwenye kona yetu na ambaye ameniona toka navaa kaptula, akaweka kisu chini akaniambia taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto, "Sikiliza baba. Fundi akinipima kiuno, hiyo kazi. Daktari akinipima, huo ugonjwa. Wewe ukinipima, hiyo kesi."

Wiki tatu, jamani. Wiki tatu nimepata mtu mmoja, na huyo mmoja akajitoa jioni yake mumewe aliporudi.

Ndipo nikaamua kwenda Chamazi, mbali, kusikokuwa na anayenijua, kwenye msururu wa mabanda ya mama lishe jirani na stendi. Jumamosi, jua la kukaanga chapati bila mafuta, begani nina begi la fomu, mkononi kigoda na rula ya mbao ndefu kuliko mie, na ile tepu ya kupimia, kwa sababu sikuwa na mkono wa tatu, nikaitupia shingoni ikaning'inia pande mbili kifuani. Hicho tu ndicho nilichofanya. Sikuiba, sikuua, nilivaa tepu shingoni.

Kwenye banda la kwanza alikuwepo mama mmoja wa sauti pana, mwiko mkononi mrefu kama kasia, wenyewe wanamwita Mama Shufaa, na ndiye anayewaongoza wenzake pale stendi kwa kila jambo, kuanzia zamu ya maji mpaka nani akae wapi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Akaitazama tepu. Akanitazama mie. Akairudia tepu. "Wewe ndiye fundi?"

"Nimekuja kupima, mama."

"Alhamdulillahi! Jamani ee! Fundi kaja!"

Kumbe binti yake, Shufaa mwenyewe, anaolewa, imebaki kama wiki mbili, na kina mama wote wa pale wameshakubaliana sare ya shughuli, ila fundi wao wa Mbagala kila siku anasema yuko njiani (huyo mtu sijawahi kumwona, lakini kwa muda aliokuwa njiani angeshafika Songea). Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema "hapana mama, mie mwanafunzi." Maneno manne. Lakini nimegeuka nyuma naona kina mama wanafunga khanga vizuri, wanajipanga foleni, wanasukumana kabisa, "mie kwanza, mie nina ugali jikoni", na mie mtu wa wiki tatu bila kupata hata kiwiko kimoja. Nikameza mate. Maneno manne yakashuka nayo.

Nikapima. Hadharani pale, kila mmoja na khanga yake juu ya nguo, mwenzake akimshikia upande wa pili wa tepu. Siku mbili, kina mama arobaini na wawili! Fomu ya ridhaa, ambayo ina kurasa tatu zinazoeleza utafiti ni nini na una haki ya kukataa, wote walisaini bila kuisoma wakidhani ni daftari la fundi la kuandikisha wateja.

Maswali hayakukosekana.

"Fundi, mbona unapima kiganja?"

"Mtindo mpya, mama."

"Na kutoka kitini mpaka kwenye kiwiko ni ya nini?"

"Mtindo... mpya sana, mama."

Kulikuwa na bibi mmoja mwembamba anaitwa Bi Tatu, mpika supu, mwenye macho ya kuona mpaka ulichokula jana. Nilipomkalisha kwenye kigoda nimpime, alicheka peke yake muda mrefu. "Toka nizaliwe," akasema, "fundi hajawahi kunipima nimekaa. Wananipima nimesimama kama mlingoti, halafu shughulini nikae saa tano. Ndiyo maana nguo zinatuchanikia." Nikamwitikia kwa kichwa kama profesa, na nikaandika.

Jumatatu jioni nilimpelekea msimamizi wangu habari, Dakta Adelina, mama wa Bukoba mpole wa sura na mkali wa kalamu. "Arobaini na wawili kwa siku mbili!" akasema. "Umewapa nini?" Nikacheka cheko la mtu mwenye siri. Nilitembea siku hiyo kama nimeshavaa joho.

Alhamisi ndiyo nikarudi Chamazi na keki ya kuwashukuru. Mama Shufaa akaipokea, akasema subiri, akaingia nyuma ya banda, na wakatoka watu wanne wamebeba robota. Vitenge. Kijani na dhahabu, vipande arobaini na viwili, kila kimoja kimebandikwa karatasi ya jina.

"Haya fundi, vitambaa vyako hivyo. Jumamosi ya wiki ijayo, saa nane, tuwe tumevaa. Ukituaibisha mbele ya wakwe," akauinua mwiko kidogo tu, "mie sisemi."

Ningesema pale. Wallahi ningesema. Lakini mwiko ulikuwa juu, na wote wananitazama wanatabasamu. Nikafunga robota kwenye bodaboda nikaondoka.

Mke wangu Stella alifungua mlango, akalitazama robota, akanitazama. "Baba Jeni, umefungua duka?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, halafu ghafla akanyamaza, na nyie mnaowajua wake mnajua kicheko si hatari, hatari ni kile kimya kinachofuata. "Hii ni shughuli ya mtoto wa mtu," akasema. "Siyo utafiti wako. Mtoto wa mtu anaondoka nyumbani kwao mara moja. Ukiharibu hapo, Dar hii tutahama, tena usiku, na kitanda tutakiacha."

Kesho yake nilimfuata Dakta Adelina nikamwambia yote. Hakucheka. Aliweka miwani mezani. "Vipimo ulivyopata kwa uongo si vipimo, ni umbea wenye namba," akaniambia. "Huvitumii hata kimoja. Urudi, umweleze kila mmoja ukweli, usome fomu yote, atakayekubali amekubali kwa akili yake, atakayekataa unamfuta. Wakikataa wote, pole." Nimefika mlangoni akaniita tena. "Na vitenge vya watu je?"

Vitenge vilinipeleka kwa Fundi Mponda, mzee wa Kimakonde mwenye cherehani tatu za kukanyaga nyuma ya mtaa wetu. Nikamwekea robota na daftari langu. Alisoma ukurasa wa kwanza akavua kofia.

"Nani kaandika hii? Kimo cha goti. Upana wa nyonga amekaa. Mkono ukinyooka unafika wapi. Kijana, hii ni gauni au ndege?"

"Zinatosha kushonea, mzee?"

"Mie kwa kawaida nina namba tano, zilizobaki nakisia kwa macho. Kwa hizi naweza kumshonea mtu aliyeko Ulaya." Halafu akashika kiuno. "Ila arobaini na mbili kwa siku nane siwezi. Mgongo huu ukikaa saa mbili unalia kama mlango."

Jamani, hapo ndipo kwa mara ya kwanza toka nianze masomo mtu alinipa kazi yangu mwenyewe! Nikakaa nikamtazama anavyoshona: kiti kifupi, meza ya mbali, shingo imening'inia. Nikamnyanyulia kiti kwa vipande vya mbao, nikamsogezea mashine karibu, nikaigeuza ikapata mwanga wa dirisha, nikamwekea ubao wa kuegemea. Jioni yake alikuwa ameshona saa tano mfululizo, na alipoinuka akasubiri maumivu yaje, hayakuja, akakaa tena akashona nyingine kwa hasira. Magauni yakatoka siku moja kabla. Mie kazi yangu ilikuwa kupiga pasi na kumpigia simu Mama Shufaa kila siku nikitaka kusema ukweli, na kila siku ananikata: "Fundi, maneno tutaongea shughulini, wewe lete nguo."

Nguo zikafika. Kina mama wakavaa.

Sitawadanganya (hapa sitii chumvi hata punje): waliingia ukumbini wanacheza, mistari miwili, kijani na dhahabu, na hakuna hata moja iliyobana, hakuna iliyopwaya, wakiinama zinainama nao, wakikaa zinakaa. Wakamzunguka Shufaa, wakashuka chini mpaka magoti yanagusa sakafu, muziki wa singeli umekolea, wakapanda tena, na hakuna uzi uliosema kitu. Ukumbi ukawa wazimu. Vigelegele vilisikika Kinyerezi. Fundi Mponda nilikuja naye, nimemkalisha nyuma, sahani imejaa, anatikisa kichwa tu kama kocha.

Mie niko ukutani namtafuta Mama Shufaa nimvute pembeni, mara mshereheshaji akaita: "Mwenye mikono hii ya dhahabu yuko wapi? Fundiii! Aje mbele!"

Nikasukumwa. Nikafika mbele. Na saa hiyohiyo upande wa bwana harusi shangazi yake mmoja, Shangazi Mariamu, mtu wa Mbagala, mwili wa heshima, akakaa kwenye kiti chake, na nguo yake iliyoshonwa kwingine ikasema *krrraa* kuanzia kwapani mpaka kiunoni. Watu wakamfunika khanga haraka. Mara ikaja sauti ya Mama Shufaa, mwenyeji asiyetaka wageni wake waaibike:

"Fundi si yuko hapo! Sindano! Mleteeni fundi sindano!"

Sijui watu wa Chamazi wanatembeaga na sindano mfukoni au vipi. Kabla sijavuta pumzi ninayo mkononi, na uzi mweusi, na kamera ya video imenisogelea kama inataka kunila.

Jamani, mie kutunga uzi sijui. Shuleni kifungo kikikatika nilikuwa natumia pini. Nikailamba ile ncha kama nilivyoona watu wanafanya. Nikalenga. Nikakosa. Nikalenga tena, nikakosa tena. Na mshereheshaji, kumbe siku nyingine anatangaza mpira, akashindwa kujizuia:

"Anaingia na uzi, anaingia eneo la hatari, yuko peke yake na kipa... ah, nje! Mpira wa kurusha! Anajaribu tena, anatuliza, anapiga... mwamba! Umegonga mwamba, mabibi na mabwana!"

Mara ya sita nikajichoma kidole. Mara ya tisa sindano ikaanguka, nikapiga magoti kuitafuta chini ya meza ya maharusi, na nikiwa huko chini, mbele ya viatu vya bibi harusi, nikajiambia basi, imetosha. Nikatoka. Nikachukua kipaza sauti.

"Jamani, mie si fundi."

"Fundi anajishusha huyo!" akasema mshereheshaji. "Mpigieni vigelegele!" Wakapiga.

"Hapana, nasema kweli! Sijui kushona! Mie ni mwanafunzi. Nilikuja kuwapima kwa ajili ya masomo, mkadhani fundi, nikanyamaza. Aliyeshona ni yule mzee pale nyuma, mwenye sahani. Nisameheni."

 Hata mtu wa muziki aliondoa mikono kwenye vifaa vyake. Mama Shufaa akaja mbele polepole, gauni linamfuata vizuri (hata katika hofu ile niliona lilivyokaa), akasimama hatua moja kutoka nilipo.

"Kwa hiyo kiwiko changu," akasema, "ulikipeleka wapi?"

"Chuoni, mama."

"Kikafanye nini?"

Nikaeleza. Jiko, meza, mgongo, mama yangu na vitumbua vyake. Nilieleza vibaya, maneno yanagongana, lakini nilieleza mpaka mwisho, na nikasema kwamba bila wao kukubali kwa hiari yao vipimo vyote ni vya kutupa, na bila vipimo mie chuo ndiyo basi. Halafu nikatoa daftari kwenye koti, lile lenye namba zote, ambalo sikuwa na nakala yake popote, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

Akalipokea. Akalifungua. Akalifunga.

"Mie nimekaa toka saa nane na bado napumua," Bi Tatu akapaza sauti toka kitini. "Mkimpiga mpigeni, ila asiumizwe kichwa, kina kazi."

Watu wakacheka, lakini Mama Shufaa hakucheka. "Leo mwanangu anaolewa, sigombi na mtu. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, stendi, na hizo karatasi zako. Utatusomea zote. Daftari linalala kwangu." Akageukia ukumbi. "Fundi wa kweli aletwe mbele!"

Fundi Mponda alikuja anafuta midomo. Uzi aliutunga bila kuangalia, huku anamsalimia Shangazi Mariamu habari za Mbagala. Ukumbi ukalipuka kama goli la dakika za nyongeza.

Jumatatu nilikuwa pale kabla ya kuku. Mama Shufaa akanikabidhi mwiko kwanza, akaniinamisha kwenye jiko lake, sufuria la ugali wa watu wa stendi nzima. "Pika huku unasoma. Tuone kama unajua unachokipima." Kwa hiyo nilisoma fomu ya ridhaa nimeinama, mvuke usoni, mmoja wao ananishikia karatasi, kurasa tatu, na kila nikifika mwisho wa aya kuna swali.

"Hapo paliposema haki ya kujitoa, nikijitoa unanifanya nini?"

"Sikufanyi kitu, mama."

"Na jina langu litaandikwa?"

"Haliandikwi, mama, ni namba tu. Mama Shufaa, naomba kunyooka."

"Bado. Endelea."

Saa mbili baadaye mgongo wangu ulikuwa umeelewa utafiti wangu kuliko kichwa. Kina mama wakaenda pembeni, wakazungumza, wakarudi. Thelathini na tisa wakasaini, safari hii wanasoma wanapoweka kidole. Watatu wakakataa. Mmoja akasema kiuno chake hakitasomwa na wanaume wa chuo, na wawili hawakutoa sababu, na sikuwauliza, maana ndiyo haki yao niliyotoka kuisoma nimeinama. Mama Shufaa akachana kurasa zao tatu mbele yangu, akazitia motoni chini ya ugali, akanirudishia daftari.

Thelathini na tisa! Nimesimama pale nahesabu na kurudia kuhesabu, na mwisho wa mwezi ni kesho yake, mara nasikia nyuma yangu:

"Yule kijana wa sindano ndiye huyu?"

Shangazi Mariamu. Alikuwa amekuja kurudisha masufuria ya shughuli.

"Shikamoo shangazi. Mie si fundi," nikasema haraka kabla hajaweka chini hata sufuria moja.

"Najua si fundi, nilikuona, dunia nzima ilikuona. Mie nakaanga samaki Mbagala mwaka wa ishirini huu na kiuno kimeniisha. Wenzangu wameniambia unapima watu wamekaa. Nipime. Halafu namba nyingine mpe yule mzee anishonee gauni."

"Shangazi, kwanza lazima nikusomee fomu."

"Soma."

Nikasoma ukurasa wa kwanza. Nikasoma wa pili. Katikati ya wa tatu akanikatiza: "We mtoto, nimekuelewa toka juu kule! Unapima au hupimi?"

"Mpaka nimalize, shangazi."

Nikamaliza. Akasaini. Nikampima, arobaini kamili, na kina mama wa stendi nzima wakapiga vigelegele kama vile nimeoa.

Siku ya utetezi wa utafiti wangu chuoni (kwetu huwa ni wa wazi, anayetaka anaingia) nilitetea vizuri sana, nadhani hata viti vilinielewa, mpaka mkaguzi wa kutoka nje, mzee wa tai nyembamba, alipofungua ukurasa nilikoandika mkasa wangu wote bila kuficha. "Unakiri uliwapima kwanza bila wao kujua," akasema. "Mie nitajuaje kwamba hata hiyo mara ya pili walielewa walichosaini?"

 Dakta Adelina akatazama dari. Na safu ya nyuma mtu akasimama, kijani na dhahabu.

"Shikamoo wakubwa," akasema Mama Shufaa, ingawa nadhani yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote mle. "Mie ni mmoja wa hao. Kijana huyu katusomea kurasa tatu huku anasonga ugali, na donge halikuwepo hata moja. Watatu walikataa, akawaacha. Ukitaka niseme ukurasa wa pili unasema nini nitakwambia, kwa sababu tulimfanya aurudie mara nne ili asinyooke mapema. Na meza aliyonichorea ninayo, nimepikia leo asubuhi nimesimama wima. Mnauliza lingine?"

Mkaguzi akafunga kitabu.  Walinitoa nje, nikakaa kwenye benchi la korido (fupi mno, sentimita saba zaidi ingefaa), na waliponiita tena wakaniambia nimefaulu, marekebisho madogo ya tahajia. Nilipiga kelele iliyomleta mlinzi wa getini mbio.

Tangu siku hiyo nimejiapiza: mtu akinidhania kitu ambacho sicho, namwambia palepale, hata kama anachonidhania ni kizuri, hata kama foleni imeshajipanga. Juzi kwenye duka la dawa mzee mmoja kaniamkia "dakta" nikamshika mkono nikamweleza mie ni nani, nimesoma nini, idara gani, kwa nini si Kichina na kwa nini si uchumi, mpaka yule mzee akaangalia saa na kusema, "Mwanangu, nilitaka tu unipishe nipite."